Mpiga picha aliyewalipa waigizaji

Swali: "Niko kwenye kikundi cha maigizo hapa Bagamoyo. Kila nikitaka picha nzuri ya kujitangaza natoa hela mfukoni mwangu. Mwalimu wetu alituambia kwamba zamani, kabla ya sinema, kulikuwa na mpiga picha New York aliyewalipa waigizaji ili wakubali kukaa mbele ya kamera yake. Ni kweli? Kama ni kweli, yeye alipata nini? Na picha zikishatoka zilikuwa mali ya nani? Mwigizaji aliweza kusema hapana?"

Jibu: Ni kweli, dada. Mpiga picha huyo aliitwa Napoleon Sarony. Inasimuliwa kwamba Sarah Bernhardt, mwigizaji mkubwa wa Ufaransa, alipofika Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1880, Sarony alimlipa dola 1,500 ili awe yeye peke yake mwenye ruhusa ya kumpiga picha. Miaka miwili baadaye Lillie Langtry kutoka Uingereza inasemekana alichukua dola 5,000. Kibarua wa mjini siku hizo alishukuru akipata dola moja na nusu kwa siku, kwa hiyo fedha za Langtry zilikuwa sawa na jasho la kibarua la zaidi ya miaka kumi. Na Sarony hakuwa mtu wa kugawa sadaka. Alizirudisha, na faida juu.

Ili uone alizirudishaje, inabidi tuanzie kwenye kioo na yai.

Picha za kwanza za biashara, za kuanzia mwaka 1839, zilitokea kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Zilikuwa nzuri ajabu, lakini kila moja ilikuwa peke yake duniani. Haikuwa na nakala. Mwigizaji akitaka picha ya pili, sharti akae tena. Kwa njia hiyo sura ya mtu haiwezi kuenea, inabaki kwenye kasha la yule aliyeinunua. Mambo yalibadilika mwaka 1851, Mwingereza Frederick Scott Archer alipotangaza njia ya kupiga picha juu ya kioo. Kioo kinapitisha mwanga, hivyo kutoka kwenye bamba moja unaweza kuchapa karatasi kumi, mia, elfu.

Hebu ingia nami kwenye studio ya mwaka 1865. Paa ni la kioo, kwa sababu taa ya kupigia picha ni mwanga wa mchana wenyewe. Fundi yuko chumba cha giza. Amemimina juu ya bamba kimiminika kizito kiitwacho kolodioni, akaliinamisha huku na huku mpaka kikatandaa pembe zote nne, kisha akalizamisha kwenye maji ya nitrati ya fedha. Kuanzia hapo anakimbizana na dakika. Bamba lazima lipigwe picha na kusafishwa likiwa bado bichi, maana likikauka limeharibika. Anatoka nalo ndani ya kasha lisilopitisha mwanga. Mwigizaji yupo amesimama, na nyuma ya kisogo chake kuna chuma chenye pembe mbili kinachokishika kichwa kisitikisike, kwa sababu atatakiwa kutulia kwa sekunde kadhaa. Mpiga picha anavua kifuniko cha lenzi, anahesabu, anakirudisha. Mimi nikishika picha ya zama zile huwa natazama miguuni kwanza. Mara nyingi utaona kitako cha kile chuma kimechomoza nyuma ya viatu vya mtu aliyejitahidi kuonekana amesimama kwa raha zake.

Kisha linakuja yai. Karatasi ya kuchapia ilipakwa ute wa yai, ikatiwa dawa ya fedha, ikalazwa chini ya bamba na vyote viwili vikaanikwa juani hadi sura itokee. Kwa kawaida hapakuwa na kukuza picha, ukubwa wa kioo ndio uliokuwa ukubwa wa picha. Viwanda vya karatasi hizo vilivunja mamilioni ya mayai.

Mwaka 1854 Mfaransa André Disdéri, mwenye studio Paris, alisajili ubunifu ambao kwangu ndio mzizi wa swali lako. Alitengeneza kamera yenye lenzi kadhaa na kasha la bamba linalosogezwa, hivyo kioo kimoja kikabeba picha ndogo nane. Unachapa karatasi moja, unaikata vipande vinane, kila kipande unakibandika kwenye kadi gumu la sentimita 6 kwa 10 hivi, sawa na zile kadi za majina ambazo watu wa Ulaya waliziacha mlangoni walipotembeleana. Bei ikaporomoka. Karani na fundi cherehani sasa waliweza kupigwa picha. La muhimu zaidi kwetu, sasa waliweza kununua picha ya mtu mwingine, mtu wasiyemjua kabisa.

Maduka ya vitabu yakazipanga madirishani: malkia, jemadari, askofu, mwimbaji wa opera, mcheza dansi. Watu wakatengeneza albamu zenye matundu ya kuchomekea kadi, na albamu ikakaa sebuleni kwa ajili ya wageni. Hapa naomba utulie kidogo, maana jambo hili hunigusa kila nikilifikiria. Mwigizaji wa karne ya 19, hasa mwanamke, alikuwa mtu wa kushangiliwa usiku na kuepukwa mchana. Familia nyingi zenye heshima zao zisingemkaribisha mezani. Uingereza haikumpa mwigizaji yeyote cheo cha heshima cha "Sir" hadi mwaka 1895, alipopewa Henry Irving. Lakini ndani ya albamu yule yule mwanamke wa jukwaani alikaa ukurasa mmoja na shangazi wa mwenye nyumba. Aliingia sebuleni kwa mlango wa karatasi, miaka mingi kabla ya kufunguliwa mlango wa mbao.

Kwetu sisi sauti ilitangulia sura. Siti binti Saad aliitwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zikambeba mpaka kwenye masikio ya watu wa pwani ambao hawakuwahi kumtia machoni. Ulaya na Marekani, miaka hamsini hivi kabla yake, mambo yalikuwa kinyume. Watu waliijua pua ya Bernhardt, nywele zake, namna alivyoshika shingo, bila kuwahi kusikia neno moja kutoka kinywani mwake.

Bernhardt mwenyewe lilimchukua muda kufika hapo. Picha zake za mapema ninazozipenda kuliko zote alizipiga mpiga picha Nadar, Paris, mnamo mwaka 1864. Alikuwa na miaka kama 20 na hakuna aliyemjali. Nadar hakumpamba kwa vazi la mchezo wowote. Alimfunika kitambaa kizito, bega moja wazi, nguzo kando, uso umegeuka kidogo kutoka kwetu. Ni picha za msichana anayewaza. Soma picha hizo, kisha tazama ile ya baadaye ya mpiga picha Melandri, ambamo Bernhardt amelala ndani ya jeneza lake, macho yamefumba, maua yamemzunguka. Jeneza lilikuwa lake kweli, alilitunza nyumbani. Picha ile iliuzwa na ikazungumzwa kila mahali. Kati ya picha hizo mbili mwanamke yule alijifunza kitu: kwamba jukwaa hudumu saa tatu, na kwamba yaliyobaki ya siku yanaweza kujazwa na karatasi.

Sasa turudi kwa Sarony. Alizaliwa Quebec mwaka 1821, akaanza kama mchoraji wa picha za kuchapa kwa mawe, kazi iliyomfundisha biashara ya nakala nyingi kabla hajagusa kamera. Baadaye alifungua studio Birmingham, Uingereza, na hapo ndipo alipokutana na Adah Isaacs Menken. Mmarekani huyu alikuwa gumzo la miji kwa mchezo ambamo alifungwa mgongoni mwa farasi akiwa amevaa taiti za rangi ya ngozi, hivyo aliye mbali alidhani yuko uchi. Menken alichoshwa na picha zake zote zilizotangulia. Sarony alipenda kusimulia kwamba walikubaliana mabamba nane yeye Menken ajipange mwenyewe, na nane Sarony ampange. Za Menken zikatoka mbaya, za Sarony zikamfurahisha kupita kiasi. Msimuliaji ni Sarony, kwa hiyo chukua kwa tahadhari. Ila picha zenyewe zipo, na ndani yake kuna mwendo: mwili umejinyoosha, mkono umeinuka, kama ameganda katikati ya tendo. Kwa sanaa iliyotegemea kutotikisika, huo ulikuwa ufundi mkubwa.

Alirudi New York mwaka 1866, na mwaka 1871 akahamia Union Square, kitovu cha tamthilia cha jiji. Alikuwa mtu mfupi mwenye ndevu, mpenda kofia nyekundu ya tarbushi, na chumba chake cha wageni kilijaa mavazi ya chuma ya vita, mazulia, maiti iliyokaushwa ya Misri na mamba aliyening'inizwa darini. Jina lake aliliandika kwa mkato mmoja wa kalamu wenye mkia mrefu, na sahihi hiyo ikachapwa chini ya kila kadi na kuwekwa, kubwa kabisa, mbele ya jengo. Kufikia wakati huo kadi ndogo zilishapitwa na kadi za sentimita 11 kwa 16 hivi, zilizoanza Uingereza mwaka 1866. Ukubwa huo ulimfaa mwigizaji, maana sasa macho yalionekana.

Kamera yenyewe Sarony hakuwa akiishika. Alikuwa na fundi wake wa kamera. Yeye alizunguka, akachezesha uso wake mwenyewe, akaigiza hasira au huzuni mpaka mwigizaji aambukizwe, halafu akatoa ishara. Na vyote hivyo vilifanyika studioni, si ukumbini, kwa sababu taa za gesi za jukwaani hazikutosha kwa mabamba ya siku zile. Ukiona picha ya mwaka 1875 ya mwigizaji anayejichoma kisu, jua amejichoma saa nne asubuhi mbele ya pazia la rangi, bila mtazamaji hata mmoja. Ni mwaka 1883 tu ambapo mpiga picha mwingine wa New York, Benjamin Falk, alifanikiwa kupiga jukwaa zima lilivyo, kwa taa za umeme.

Biashara sasa unaiona. Sarony anamlipa staa mara moja. Staa anampa saa chache na ahadi kwamba hatakaa kwa mpiga picha mwingine. Mabamba yanabaki kwa Sarony, na kila nakala inayouzwa mjini, hotelini au kwa njia ya posta inaingia mfukoni mwake. Staa hapati asilimia ya mauzo, anapata ada yake na sura yake kuenea hadi miji ambayo bado hajafika, hivyo treni ikimshusha huko tiketi zimeshanunuliwa. Hiyo ndiyo tofauti kati yako na Langtry, na wala haihusu kipaji. Mpiga picha wako hauzi picha yako kwa mtu yeyote. Mnunuzi pekee ni wewe, kwa hiyo wewe ndiye unayelipa. Waigizaji wadogo wa New York nao walilipa.

Langtry ni mfano unaoumiza kidogo. Alikuwa mke wa mtu, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey, na mwishoni mwa miaka ya 1870 picha zake zilishajaa madirisha ya London kwa sababu moja tu, uzuri. Hakuwa ameigiza popote. Aliingia jukwaani Desemba 1881, fedha zilipomwishia, na watu wakajaa ukumbini kuja kulinganisha karatasi na mtu. Alipofika New York, jumba la Park Theatre alilotarajiwa kuanzia liliungua tarehe 30 Oktoba 1882, siku ile ile ya onyesho, na bado watu walimfuata kwenye ukumbi mwingine. Sura yake ikatangaza hata sabuni ya Pears. Kabla ya kamera sura nzuri ilimsaidia mwigizaji. Sasa sura iliweza kumtangulia mwigizaji, na sanaa ikaja baadaye kama inaweza.

Oscar Wilde, mwandishi kutoka Ireland, alipita njia hiyo hiyo. Mapema Januari 1882 alipanda ngazi za Sarony akiwa na miaka 27, amechapisha kitabu kimoja cha mashairi, na tamthilia zitakazompa jina bado miaka kumi mbele. Alikuwa ameletwa kutoa mihadhara kwa sababu New York ilikuwa inaonyesha mchezo wa kuimba uliowakejeli vijana wa aina yake, na mwandaaji alitaka watu wamwone mmoja aliye hai. Sarony alimpiga picha zaidi ya ishirini: koti la mahameli, suruali ya kukomea magotini, soksi za hariri, koti refu lenye manyoya. Ile namba 18 ndiyo iliyokwenda mahakamani. Wilde ameketi, ameinama mbele, shavu kwenye mkono, kitabu mkononi.

Kampuni ya uchapaji ya Burrow-Giles iliinakili picha hiyo na kuchapa nakala 85,000, zikatumika kutangaza kofia za duka moja. Sarony akashitaki. Kampuni ikajitetea kwamba picha haina mtunzi, kwamba ni mashine na jua tu vilivyofanya kazi. Tarehe 17 Machi 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba Sarony ni mtunzi, kwa sababu yeye ndiye aliyempanga Wilde, akachagua vazi na mapazia, akapanga mwanga na kivuli, akauamsha ule mwonekano usoni. Alipewa dola 610. Kila mpiga picha mwenye hakimiliki leo ana deni kwa kesi hii, nami naifurahia. Lakini naisoma kila mara nikiwa na kidonda. Mavazi yale yalikuwa ya Wilde. Mkao ule, uzembe ule wa makusudi, aliufanyia mazoezi miaka mingi kabla ya kumjua Sarony. Katika hukumu nzima Wilde ni kitu kilichopangwa, kama zulia.

Hapo ndipo linakuja swali lako la mwisho, na jibu linategemea nchi uliyokuwepo na nani alilipa.

Ufaransa iliwahi mapema, na ilikuwa kwa ajili ya mwigizaji. Rachel, aliyekuwa nyota wa tamthilia za huzuni, alifariki Januari 1858. Dada yake aliagiza apigwe picha kitandani pa mauti, kwa sharti zisitoke nje ya familia. Mchoro ulionakiliwa kutoka humo ukaonekana unauzwa. Mahakama ya Paris, Juni mwaka huo, iliamuru nakala zikamatwe: sura ya marehemu haitolewi hadharani bila idhini ya familia. Mwaka 1867 Menken, yule wa farasi, alipigwa picha akiwa pamoja na mwandishi Alexandre Dumas, aliyekuwa na miaka 64, wamekaribiana kuliko adabu za zama zile zilivyoruhusu. Mpiga picha Liébert akaziuza na Paris nzima ikacheka. Dumas alishindwa mahakama ya chini, akashinda kwenye rufaa. Hata kama hapo mwanzo alikubali kwa kukaa kimya, majaji walisema, mtu anaweza kurudi nyuma akiona heshima yake ya nyumbani imeguswa, na Liébert alitakiwa kumwachia haki ya picha hizo kwa malipo.

Uingereza ilitazama risiti. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa haki ya picha yule aliyeiagiza na kuilipia, wasipokubaliana vingine. Mwaka 1888 mwanamke mmoja aliyekuwa amelipia picha yake akamkuta mpiga picha ameigeuza kadi ya Krismasi dukani. Mahakama ikamzuia mpiga picha. Kwa hiyo ile hela unayoitoa mfukoni, dada, kwa jicho la majaji wale ndiyo iliyokuwa kinga yako. Mwigizaji aliyelipwa ndiye aliyekuwa ameuza. Siku hizi sheria za kila nchi zina maneno yake, basi usibahatishe. Kabla ya picha ya kwanza andikianeni ukurasa mmoja: nani atatunza mafaili, nani ataruhusiwa kuyauza, na kwa matangazo ya bidhaa gani huruhusu kabisa. Hata anayekupiga bure mwandikishe. Huyo hasa.

Na Marekani, nchi ya Sarony, aliyesema hapana kwa sauti alikuwa Marion Manola. Mwaka 1890 alikuwa anacheza mchezo wa kuimba kwenye ukumbi mmoja wa Broadway, na sehemu yake ilimtaka avae taiti. Meneja alitaka picha yake katika vazi hilo kwa matangazo. Manola alikataa. Kulivaa mbele ya watu waliolipa tiketi ni kazi yake, lakini hakutaka lining'inie dirishani ambako binti yake angeliona. Usiku mmoja wa Juni, akiwa katikati ya onyesho, mwanga wa magnesi ulilipuka ghafla kutoka kwenye kibanda kimoja cha watazamaji kilicho pembeni. Kamera ilikuwa imefichwa humo. Manola alivuta joho lake akafunika uso, akakimbia nje ya jukwaa. Baada ya siku chache mahakama ya New York ilipiga marufuku picha ile isitumike, na walioshitakiwa hawakutokea hata kujitetea. Desemba mwaka huo mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha makala yao juu ya haki ya mtu kuachwa na faragha yake, makala ambayo sheria ya Marekani inairejea hadi leo, na kesi ya Manola wameitaja humo.